Ini bovu usimtupie mbwa

Hapa Maisaka, na Babati nzima kwa jumla, mbwa na paka hawana sahani yao. Wanakula kinachobaki: ukoko wa ugali, mifupa, mchuzi uliolala, na siku ya kuchinja, kile ambacho mwenye nyumba hakitaki. Safu hii kwa kawaida inazungumzia chakula cha binadamu. Wiki hii nazungumzia chakula cha mbwa, kwa sababu tunachomtupia kinaweza kutuletea ugonjwa kwenye ini la mtoto.

Kilichonisukuma ni ujumbe wa kijana mmoja msomaji wa safu hii. Amenunua mbwa wa kizungu, amesoma kwenye simu kwamba mbwa ni ndugu wa mbwa mwitu, kwamba chakula cha asili ni nyama mbichi na viungo vya ndani vibichi, na kwamba kupika kunaharibu virutubisho. Anauliza kama ni kweli, maana kwenye bucha la jirani anapata mapafu na maini yaliyokataliwa kwa bei ya bure.

Ndugu yangu, hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi.

Mtindo huu wa kulisha mbwa vyakula vibichi ulipata nguvu baada ya mwaka 1993, daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alipoandika kitabu akihimiza mifupa na nyama mbichi. Umeenea Ulaya na Marekani, na sasa umetufikia kwa njia ya simu. Nakiri wanaoufuata wana hoja moja nzuri: chakula freshi ni kizuri kuliko kilichooza, na mbwa anahitaji protini, hawezi kuishi kwa uji wa pumba peke yake. Lakini hoja ya mbwa mwitu ina tundu. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walichapisha uchunguzi wa vinasaba wakaonyesha kwamba mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi zaidi za kinasaba cha kusaga wanga kuliko mbwa mwitu. Maelfu ya miaka ya kukaa jikoni kwa binadamu yamembadilisha. Ugali anausaga vizuri tu. Paka ndiye hajabadilika, na nitamrudia.

Tena wale wa Ulaya wananunua nyama iliyokaguliwa na kugandishwa, na bado hawajasalimika. Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, kilipima bidhaa 35 za nyama mbichi za wanyama wa kufugwa zilizouzwa zikiwa zimegandishwa, na matokeo yakatoka mwaka 2018. Bidhaa 19 zilikuwa na bakteria aina ya Listeria wanaoharibu mimba, na 7 zilikuwa na Salmonella. Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani kilishatoa msimamo mwaka 2012 wa kutowashauri watu kulisha mbwa na paka nyama mbichi. Huko ni kwenye friji na maabara. Sisi tunazungumzia ini lililokataliwa na mkaguzi, limebebwa kwenye mfuko wa plastiki saa nane mchana.

Kwa nini mkaguzi analikataa ini? Sababu ni nyingi, lakini moja kila mchinjaji wa mkoa huu anaijua kwa macho hata kama hajui jina lake. Ni ule uvimbe mweupe, mgumu kidogo, mfano wa puto dogo, ambao ukiuchoma kisu unatoa maji meupe kwa kishindo. Unaonekana kwenye ini na mapafu ya kondoo, mbuzi na ng'ombe. Wengine huuita maji tu: "Hili ini lina maji." Katika kumbukumbu za machinjio ya Arusha za mwaka 2005 hadi 2007, ulionekana kwa takriban ng'ombe 4 katika kila 100, na kwa mbuzi na kondoo takriban 6 katika kila 100. Hao ni waliopita mbele ya mkaguzi. Wanaochinjwa nyuma ya nyumba siku ya ubatizo, kipaimara, harusi au Idi hawaandikwi popote.

Ule mfuko wa maji ni mtoto wa minyoo. Mama yake ni tegu mdogo sana anayeitwa ekinokokasi, urefu wake milimita 3 hadi 7, anayeishi ndani ya utumbo wa mbwa. Mbwa akila ini lenye mfuko ule likiwa bichi, vichwa vya tegu vilivyomo ndani, ambavyo vinaweza kuwa maelfu, vinashika kwenye utumbo wake na kukua. Baada ya wiki sita au saba anaanza kutoa mayai kwenye kinyesi. Mbwa mwenyewe haumwi. Anakula, anabweka, manyoya yanang'aa. Zile chembe mfano wa punje za mchele unazoziona karibu na mkia wake ni za tegu mwingine. Huyu ni mdogo mno, hutamwona.

Mayai yanabaki kwenye udongo, kwenye majani ya malisho, kwenye mchicha wa bustani, na kwenye manyoya, kwa sababu mbwa hujilamba nyuma kisha akajilamba mwili. Kondoo akila majani yale, mfuko unaota kwenye ini lake, na mzunguko unaendelea. Mtoto akimkumbatia mbwa kisha akashika mandazi, mfuko unaota kwenye ini la mtoto.

Hapa watu huchanganya, kwa hiyo niseme wazi. Ukila wewe ini lenye maji hupati ugonjwa huu, ingawa sikushauri ulile. Mgonjwa naye hamwambukizi mwenzake. Lazima minyoo ipite kwa mbwa kwanza. Ndiyo maana mkono unaorusha ini ndio wenye maamuzi yote.

Kwa binadamu tunauita ugonjwa wa hidatidi. Kati ya wagonjwa kumi, karibu saba wana mfuko kwenye ini, wawili kwenye mapafu, na aliyebaki popote pengine: figo, mfupa, hata ubongo. Unakua polepole, sentimita moja hadi tano kwa mwaka, na mtu anaweza kukaa miaka kumi au zaidi bila dalili. Kisha linaanza zito upande wa kulia chini ya mbavu, kichefuchefu, tumbo kujaa, au kikohozi kisichoisha. Ukipasuka ghafla, kwa kugongwa au kuanguka, mwili unaweza kupata mzio mkali unaoua ndani ya dakika.

Mama mmoja mkubwa kwangu kiumri alinijia akiwa na maumivu ya namna hiyo. Alikuwa ametibiwa vidonda vya tumbo miaka mitatu, zahanati moja hadi nyingine, na mfuko wa dawa alizomaliza alikuja nao. Hakuna aliyemlaza kwenye kitanda cha ultrasaundi. Tulipompima, ini lilikuwa na uvimbe wa maji wenye ukubwa wa chungwa. Nikamuuliza kuhusu mbwa. Alicheka, akadhani natania. Wapo watatu, akasema, walinzi wa kondoo. Nikamuuliza siku ya kuchinja wanapewa nini. Naye akanijibu kwa swali ambalo mpaka leo naona ni zuri kuliko maswali yangu:

"Sasa mwanangu daktari, nimpe nini? Nimpikie mbwa nyama ya bucha, na wajukuu hawajaionja mwezi huu?"

Siwezi kusema ni mbwa gani aliyemwambukiza wala mwaka gani. Lakini swali lake linastahili jibu la jikoni, maana ushauri wa kumwambia mtu maskini "mlishe mbwa vizuri" bila kusema kwa nini na kwa shilingi gani ni maneno matupu.

Jibu la kwanza ni moto. Mapafu, ini, bandama, utumbo, vyote mbwa anaweza kula, kama vimechemshwa. Kata vipande vidogo, usitumbukize pafu zima kwa sababu nje litaiva na katikati libaki bichi. Maji yakianza kutokota, hesabu nusu saa, na kwa vipande vikubwa zaidi ya hapo. Joto linaua vichwa vya tegu na bakteria pia. Kuni zinagharimu, najua. Weka sufuria ya mbwa jioni kwenye moto uliobaki baada ya maharage, ongeza kuni mbili, ihakikishe inatokota muda wote huo. Wenye friza wanaweza kugandisha kwa siku 10 mfululizo. Hiyo nayo inaua vichwa vya tegu, ila haiui Salmonella, na siku 10 mfululizo bila umeme kukatika si jambo la kuapia.

Lile ini lenye mifuko ya maji, hilo usihangaike nalo. Lichome moto mpaka liwe mkaa au lizike kwenye shimo refu, juu uweke mawe, kwa sababu mbwa anajua kufukua kuliko sisi tunavyojua kufukia. Choo cha shimo kirefu kinafaa pia.

Jibu la pili ni dagaa. Dagaa wa kuchemsha waliochanganywa na ugali wa dona ni chakula kizuri cha mbwa kwa mfuko wa kawaida wa Babati. Wana protini, na kwa kuwa mbwa anawatafuna na mifupa yao laini, wana chokaa. Hili la chokaa ndilo wanaolisha nyama mbichi tupu hulisahau. Nyama isiyo na mfupa ina chokaa kidogo mno, na mtoto wa mbwa anayelishwa nyama peke yake mifupa yake inakuwa laini, miguu inapinda kama ya mtoto mwenye matege. Nimeona mbwa wa bei kubwa wakitembea hivyo kwa sababu ya kupendwa sana. Kama dagaa wana chumvi, waloweke kwanza na umwage maji. Ukipata yai, lichemshe. Majani ya maboga au mchicha kidogo hayana ubaya.

Mifupa mirefu iliyopikwa, na hasa ya kuku, usimpe. Inapasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Mchuzi wenye vitunguu vingi nao usimmwagie kila siku: kitunguu, kibichi au kilichoiva, kinavunja chembe nyekundu za damu za mbwa na za paka zaidi.

Na mahindi yenye ukungu. Mkoa wetu una kumbukumbu chungu hapa. Mwaka 2016 watu 68 wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na 20 wakafa. Tangu wakati huo naona watu wengi wanachambua mahindi yao, jambo jema, lakini yale yaliyochambuliwa yanakwenda wapi? Yanasagwa kwa ajili ya mbwa na kuku. Sumukuvu inaharibu ini la mbwa kama linavyoharibika la binadamu, na kupika hakuiondoi. Kuku akiila, sehemu yake inaweza kuonekana kwenye yai na ini lake, ng'ombe akiila inatoka kwenye maziwa. Mahindi yaliyoharibika yachomwe au yafukiwe.

Sasa paka. Paka ni mla nyama kwa kuumbwa. Mwili wake hauwezi kutengeneza wa kutosha kitu kinachoitwa taurini, ambacho kinapatikana kwenye nyama na samaki tu. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani waligundua kwamba paka waliokosa taurini moyo wao ulitanuka na kushindwa kusukuma damu, na walipopewa, wengi wakapona. Kwa hiyo paka anayelishwa ugali na maziwa anakufa polepole, isipokuwa kama panya wanamwokoa. Maziwa ya ng'ombe yenyewe huwaharisha paka wengi wakubwa. Kwake dagaa wawe wengi kuliko ugali. Vichwa vya perege na kambale kutoka Ziwa Babati vinafaa, vikichemshwa na miba mikubwa ikatolewa, na ule mchuzi wa kuchemshia mpe pia, maana taurini nyingi huingia kwenye maji. Usimpe samaki wabichi: baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto unakimaliza. Ini mpe kidogo, mara moja au mbili kwa wiki; likizidi, vitamini A inarundikana na kukakamaza mifupa ya shingo.

Paka ana sababu nyingine ya kupikiwa. Nyama mbichi, kama panya, inaweza kumpa kijidudu cha toksoplazima, ambacho yeye hukitoa kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu. Mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kinaweza kufika kwa mtoto na kumharibia macho au ubongo. Wakunga wengine wanawaambia wajawazito wamfukuze paka. Sioni haja. Kinyesi kibichi bado hakijaiva kuambukiza. Kinahitaji siku moja hadi tano. Mtu mwingine wa nyumbani akizoe kila siku, mjamzito avae glavu au mifuko mikononi akilima bustani, nyama ya familia iive, na paka abaki anakamata panya wa ghalani.

Kondo la nyuma la mbuzi au ng'ombe, hasa aliyetupa mimba, mbwa wasiachiwe kamwe. Linaweza kuwa na bruselosi, na mbwa akiliburuta uani anaeneza ugonjwa unaowapa watu homa za miezi na maumivu ya viungo. Mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla usichunwe wala usitupiwe mbwa. Mwite ofisa mifugo, inaweza kuwa kimeta.

Kuhusu dawa za minyoo, wafugaji wengi wanampa mbwa dawa iliyobaki ya ng'ombe. Dawa hizo nyingi hazimgusi huyu tegu. Anayemuua ni prazikwanteli, dawa ileile inayogawiwa shuleni kwa kichocho, lakini muulize mtaalamu wa mifugo kipimo kwa uzito wa mbwa wako. Kwenye maeneo yenye ugonjwa inashauriwa kutolewa kila wiki sita, kabla minyoo haijafikia kutaga. Siku mbili au tatu baada ya kumpa, mfunge sehemu moja, kinyesi chake kizikwe kwa kina, na anayekifukia anawe kwa sabuni. Na kama hiyo ni gharama isiyowezekana kila wiki sita, basi funga mlango wa kwanza: asile viungo vibichi. Siku hiyohiyo ya dawa muulize mtaalamu kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, maana mbwa anayezurura machinjioni ndiye anayezurura hadi kwa mbwa wenye kichaa.

Je, ugonjwa huu unaweza kuisha? Ndiyo, umeshaisha mahali. Iceland katika karne ya 19 ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi: wafugaji wa kondoo, mbwa ndani ya nyumba, baridi kali. Mwaka 1864 mtaalamu wa minyoo kutoka Denmark, Harald Krabbe, aliwaandikia kijitabu, kikagawiwa bure. Kiliwaambia wazichome au wazifukie zile maji na wasiwape mbwa. Hapakuwa na ultrasaundi wala prazikwanteli. Watu walisoma, wakatii, sheria za mbwa zikafuata, na vizazi vichache baadaye ugonjwa ukatoweka. New Zealand nayo ilipiga marufuku kulisha mbwa viungo vibichi, na mwaka 2002 ikatangaza kuwa imeushinda.

Jirani zetu Turkana, kaskazini mwa Kenya, walikuwa na wagonjwa wengi kuliko karibu sehemu yoyote duniani. Mbwa alilala na watoto na kuwalamba. Katika miaka ya 1980 AMREF ilibeba mashine za ultrasaundi hadi kwenye maboma, ikapima watu chini ya miti, ikashughulikia na mbwa. Kazi ile iliifundisha dunia nzima kwamba ugonjwa huu unaweza kutafutwa kwa ultrasaundi kijijini. Sisi wa Manyara tuna kondoo walewale, mbwa walewale na ultrasaundi zipo, lakini nani anapima mtu ambaye hajaanza kuumwa?

Ukiwa na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu yasiyosikia dawa za vidonda vya tumbo, na umekulia na mbwa na mifugo, omba ultrasaundi na mwambie daktari habari ya mbwa, hata asipouliza. Usikubali uvimbe wa maji uchomwe sindano na mtu asiyejiandaa. Matibabu yapo: albendazoli kwa miezi kadhaa, sindano maalumu ya kunyonya maji kwa utaratibu, upasuaji, au kuangaliwa tu kama mfuko umeshakauka. Yule mama alitibiwa na anaendelea kufuatiliwa. Alinitumia salamu kwamba mbwa wake sasa wanakula "kama wageni".

Kuna sehemu ya kazi hii isiyo ya mama wa nyumbani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amlishe, na hilo ni letu. Lakini machinjio na makaro ya kuchinjia yasiyo na uzio ni ya halmashauri. Nataka niwaombe viongozi wetu wa mji jambo moja wanaloweza kuliweka kwenye bajeti bila kusubiri mfadhili: kila sehemu ya kuchinjia iwe na uzio usiopitisha mbwa, na shimo la viungo vilivyokataliwa lenye mfuniko wa zege na kufuli, ufunguo akae nao mkaguzi wa nyama. Na wenye mabucha, kijana akija kuomba mapafu ya mbwa, muulize kama ana sufuria.